Sikio la mbwa lisitibiwe kwa kubahatisha

Ugonjwa wa sikio la nje la mbwa ni ugonjwa wa ngozi. Mfereji wa sikio, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiwambo, umefunikwa na ngozi ya aina ileile iliyofunika tumbo na makwapa, yenye vinyweleo, tezi za mafuta na tezi za nta. Kinachoiwasha ngozi ya mbwa mahali pengine huiwasha na ya sikio, na mara nyingi sikioni ndiko kunakoanzia. Jambo hili likieleweka, njia ya uchunguzi na tiba hunyooka. Lisipoeleweka, mbwa huzungushwa kati ya chupa moja ya matone na nyingine, mwaka baada ya mwaka, mpaka sikio linaharibika kabisa.

Wala si ugonjwa wa nadra. Nchini Uingereza, ambako Royal Veterinary College huchambua kumbukumbu za kliniki za wanyama, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba asilimia 7.3 ya mbwa waliokuwa chini ya uangalizi wa madaktari mwaka 2016 walikutwa na tatizo hili ndani ya mwaka huo mmoja. Miongoni mwa walioathirika zaidi walikuwa Basset Hound, Shar Pei, Labradoodle, Beagle na Golden Retriever. Masikio yanayoning'inia yalikuwa katika hatari kubwa kuliko yaliyosimama. Hilo lisimpe faraja ya bure mwenye German Shepherd, mbwa anayelinda nyumba nyingi za mijini Afrika Mashariki. Masikio yake yamesimama, ila ngozi yake ni miongoni mwa zile zinazoandamwa sana na mzio, na mzio hauangalii sikio limesimama au limelala.

Umbo la mfereji linaeleza sehemu kubwa ya tatizo. Kwa binadamu, njia ya kutoka nje hadi kwenye kiwambo ni fupi, kiasi cha sentimita 2.5, na inakaribia kunyooka. Kwa mbwa, njia hiyo hushuka kwanza kuelekea chini, kisha hupinda na kuingia ndani kwa mlalo. Urefu wake wote huwa kati ya sentimita 5 na 10, kutegemea ukubwa wa mbwa. Kwa sababu hiyo maji yakiingia hukawia kutoka, usaha ukitunga hauna pa kuchuruzikia, na dawa inayodondoshwa mlangoni huishia kwenye manyoya. Kijiti cha pamba kinachoingizwa kwa nia njema husukuma uchafu chini na kuushindilia kwenye kona. Sikio zima lina njia yake ya kujisafisha: seli za ngozi huzaliwa kwenye kiwambo na kusogea polepole kuelekea nje, zikiibeba nta pamoja nazo. Ngozi ikivimba, mwendo huo husimama. Nta inalundikana, joto na unyevu vinaongezeka, na vimelea vilivyokuwa vichache vinapata shamba.

Mpangilio wa sababu unaotumiwa hadi leo na madaktari wa ngozi za wanyama ulitokana na makala aliyoichapisha John August nchini Marekani mwaka 1988. Wengine waliuboresha baadaye, na sasa una matabaka manne. La kwanza ni mambo yanayomweka mbwa karibu na ugonjwa bila yenyewe kuwa ugonjwa: masikio yanayoning'inia, mfereji mwembamba wa Shar Pei, manyoya yanayojaza sikio la Poodle, wingi wa tezi za nta za Cocker Spaniel, kuogelea, na hewa ya joto yenye unyevu. Mbwa wa Tanga, Mombasa au Unguja anaishi katika hewa hiyo sehemu kubwa ya mwaka, na anayemwagiwa maji ya mpira kichwani kila mwisho wa wiki anaongezewa mzigo. Tabaka la pili ni sababu za msingi, zile zinazoweza zenyewe kulivimbisha sikio lililokuwa zima. Humo mna mzio, utitiri, kupe, mbegu za nyasi, upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, magonjwa ambamo kinga ya mwili huishambulia ngozi yenyewe, na uvimbe unaoota ndani ya mfereji. Tabaka la tatu ni bakteria na fangasi, ambao huingia wakikuta mlango umekwisha kufunguliwa. La nne ni mabaki ya ugonjwa uliodumu: ngozi iliyonenepa, mfereji uliobanwa, kiwambo kilichotoboka, usaha uliojificha katika sikio la kati. Haya huweza kuuendeleza ugonjwa hata pale sababu iliyouanzisha ilipokwisha kuondoka.

Katika matabaka hayo manne, la tatu ndilo linalopewa dawa karibu kila mara, na la pili ndilo linalosahauliwa. Matone yenye antibaiotiki, dawa ya fangasi na steroidi katika chupa moja hupunguza harufu na maumivu ndani ya siku chache. Mwenye mbwa huridhika, na daktari huamini kazi imekwisha. Baada ya miezi miwili au mitatu harufu hurudi, kwa kuwa kilichofungua mlango hakikuguswa. Mbwa mwenye historia ya kurudiwa na ugonjwa wa masikio hana bahati mbaya wala hana masikio machafu kwa asili. Ana ugonjwa mwingine ambao haujatafutwa.

Mara nyingi ugonjwa huo ni mzio. Mbwa huathiriwa na vitu vya mazingira, kama vijidudu vya vumbi la nyumbani, chavua na ukungu, au na protini za chakula anachokula kila siku. Mzio wa mazingira huanza kwa kawaida kati ya umri wa miezi 6 na miaka 3. Mbwa hulamba vidole, hukuna makwapa, hujisugua uso kwenye zulia au majani, na tumbo lake huwa jekundu. Wapo pia wenye mzio wa chakula ambao masikio ndiyo dalili yao pekee, na hawa ndio wanaoteseka muda mrefu zaidi kwa sababu hakuna anayeufikiria mlo. Mbwa mzee au wa makamo anayeanza kuugua masikio kwa mara ya kwanza huelekeza fikra kwingine: kwenye tezi ya thairoidi ikiwa amenenepa, amezubaa na manyoya yamefifia, au kwenye uvimbe ikiwa linaugua sikio moja tu.

Vimelea wanaoonekana kwa macho, au karibu kuonekana, wana nafasi yao hasa katika mazingira ya Afrika Mashariki. Utitiri wa sikio, Otodectes cynotis, huambukizwa kwa kugusana, na paka wa nyumbani au wa jirani mara nyingi ndiye chanzo. Huwashambulia zaidi watoto wa mbwa, na huacha uchafu mkavu, mweusi, unaopukutika. Kupe wa mbwa hupenda kujificha katika mikunjo ya sikio na hata ndani ya mfereji. Kupe mmoja aliyejishika ndani kabisa anatosha kumfanya mbwa atikise kichwa usiku kucha. Mbegu za nyasi zenye ncha kali humpata mbwa anayekimbia vichakani baada ya mvua. Mbegu hiyo huingia kwa urahisi na hairudi nyuma kwa sababu vishale vyake vinaelekea upande mmoja. Mbwa aliyetoka mzima asubuhi na kurudi jioni akilia na kuinamisha kichwa upande mmoja apelekwe kwa daktari siku hiyohiyo.

Dalili za ugonjwa si ngumu kuzitambua kwa anayetazama: kutikisa kichwa, kukuna, wekundu, harufu, uchafu wa rangi ya kahawia au usaha wa njano na kijani, na maumivu pale sikio linaposhikwa. Shida ni kwamba mbwa wengi wa Afrika Mashariki hulala bandani, hufunguliwa usiku na kufungwa mchana, na hakuna mtu anayekaribiana nao kiasi cha kunusa masikio yao. Ugonjwa hugunduliwa ukiwa na wiki kadhaa, wakati mwingine kwa kuona sikio limejaa kama mfuko. Hiyo ni damu iliyovuja kati ya ngozi na gegedu baada ya mbwa kujitikisa na kujikuna kupita kiasi. Inahitaji mkono wa daktari, lakini kuitoa damu na kuacha kutibu kilichomfanya mbwa ajikune ni kuialika irudi.

Maumivu ya sikio hubadilisha tabia. Mbwa mpole humrukia mtoto anayemshika kichwani. Mbwa wa ulinzi humng'ata mlinzi anayemvisha mkanda. Wanyama wa namna hii huitwa wakali, hupigwa, na wengine huuawa, ilhali kilichohitajika ni kuangaliwa sikio. Ni dhuluma inayoepukika. Hata hivyo tahadhari haina mbadala katika nchi ambazo kichaa cha mbwa bado kinaua watu: mbwa aliyebadilika tabia ghafla, anayetokwa mate, aliyelegea taya, na asiye na kumbukumbu za chanjo hashikwi sikio na mtu asiye na kinga. Huwekwa mahali pa usalama, na daktari wa mifugo huitwa.

Uchunguzi mzuri huanza kwa maswali. Tatizo lilianza lini, ni sikio moja au yote mawili, limewahi kutokea kabla, huja msimu gani, mbwa anakula nini, anaogelea, anaishi na paka, amepewa dawa gani na kwa siku ngapi? Kisha huangaliwa mbwa mzima kabla ya sikio, kwa kuwa vidole vilivyobadilika rangi kwa kulambwa au makwapa mekundu huweza kutoa jibu ambalo sikio halitalitoa. Sikio lenye nafuu hutangulia, ili mbwa asianze kugoma mapema na vimelea wasihamishiwe upande mzima. Mfereji huminywa taratibu kwa vidole kupitia ngozi ya chini ya sikio. Mfereji mzima hubonyea na kurudi, ule uliougua miaka mingi huwa mgumu kwa kuwa gegedu limeanza kugeuka mfupa, na ugumu huo hubashiri matokeo ya tiba kuliko dalili nyingine nyingi.

Otoskopu, kifaa chenye taa na lenzi, huonyesha kilichomo ndani: uvimbe, vidonda, mbegu, kupe, utitiri unaokimbia mwanga, na hali ya kiwambo. Kiwambo kikionekana kizima, uhuru wa kuchagua dawa ni mkubwa. Kisipoonekana, daktari mwangalifu huchukulia kwamba huenda kimetoboka. Mbwa mwenye maumivu makali hapaswi kushikiliwa na watu watatu ili aangaliwe. Hupewa dawa ya kutuliza au ya usingizi, au hupewa kwanza steroidi kwa siku kadhaa ili uvimbe upungue, kisha huitwa tena.

Kipimo chenye thamani kubwa kuliko vyote ni pia cha bei ndogo, na ndicho kinachorukwa zaidi. Kijiti cha pamba huchukua uchafu kutoka kila sikio, huviringishwa juu ya slaidi ya kioo, uchafu hukaushwa, hupakwa rangi na kuangaliwa kwa hadubini kwa lenzi ya mafuta. Kazi yote haizidi dakika chache kwa rangi za haraka. Kinachoonekana huamua dawa. Malassezia pachydermatis, fangasi wa jamii ya hamira aliyeelezwa mara ya kwanza mwaka 1925 kutoka kwenye ngozi ya kifaru wa India, huonekana kama karanga yenye punje mbili, ameshikamana na seli za ngozi. Bakteria wa mviringo, mara nyingi Staphylococcus pseudintermedius, aliyetenganishwa na jamaa zake kuwa spishi ya pekee mwaka 2005, hukaa kwa jozi na mafungu. Bakteria wa umbo la vijiti huashiria Pseudomonas, Proteus au wengine wa kundi lao, na wakionekana pamoja na wingi wa chembe nyeupe za damu, daktari hujua kwamba ana kazi ngumu mbele yake. Sikio zima nalo lina fangasi na bakteria wachache, kwa hiyo idadi ina maana kama ilivyo sura. Sikio jekundu lisilo na vimelea wengi ni habari muhimu pia: kinachoendelea hapo mara nyingi ni mzio, na antibaiotiki haitasaidia lolote.

Hakuna hoja ya kukosa vifaa inayosimama vizuri mbele ya kipimo hiki. Ofisi ya mifugo inayopima damu kutafuta vimelea vya ndigana kwa ng'ombe tayari ina hadubini, slaidi na rangi ya Giemsa. Rangi hiyohiyo huonyesha fangasi na bakteria wa sikio la mbwa. Kinachokosekana ni mazoea. Kumpa mbwa matone bila kipimo hiki ni kubahatisha, na bei ya kubahatisha huwa juu kuliko bei ya slaidi moja. Kwa utitiri, uchafu huchanganywa na tone la mafuta mepesi na kuangaliwa kwa lenzi ya chini, ambapo utitiri na mayai yake huonekana bila shida.

Kuotesha bakteria maabara na kupima dawa zinazowaua, ambako wengi hukudhani kuwa ndicho kipimo bora, kuna nafasi finyu zaidi. Majibu ya maabara hupimwa kwa viwango vya dawa vinavyofikiwa katika damu, wakati matone huweka ndani ya sikio kiasi kikubwa mara nyingi zaidi ya hicho. Dawa iliyoandikwa kuwa imeshindwa huweza kufaulu sikioni. Kipimo hicho hufaa pale vijiti vinapoendelea kuonekana baada ya tiba nzuri, sikio la kati linapohusika, au dawa ya kumeza inapofikiriwa. Dalili za sikio la kati na la ndani, kama kichwa kilichoinama muda wote, kupepesuka, macho yanayochezacheza, au upande mmoja wa uso uliolegea, huhitaji picha ya eksirei au ya kompyuta pale ilipo.

Tiba ina kazi nne zinazokwenda pamoja: kuondoa maumivu na uvimbe, kusafisha, kuua vimelea waliokutwa, na kushughulikia sababu ya msingi. Ya kwanza hupuuzwa kwa hofu ya steroidi. Hofu hiyo ina msingi pale steroidi zinapotumiwa miezi na miaka bila usimamizi, ila prednisoloni kwa wiki moja au mbili, kwa dozi iliyopangwa na daktari, hufungua mfereji uliobanwa na kuiruhusu dawa kufika. Matone yakiwekwa kwenye mfereji uliofungwa huishia mlangoni.

Usafishaji ni tiba, na haupaswi kuchukuliwa kama maandalizi tu. Usaha huzuia baadhi ya antibaiotiki kufanya kazi, na nta nene huwakinga fangasi. Sikio lililojaa sana huoshwa kliniki mbwa akiwa amelala usingizi wa dawa, kwa maji ya chumvi ya hospitali yenye uvuguvugu, mpaka kiwambo kionekane. Nyumbani hutumiwa dawa maalumu ya kusafishia masikio ya mbwa. Mfereji hujazwa, chini ya sikio huminywaminywa kwa nusu dakika hadi isikike sauti ya maji, mbwa huachwa atikise kichwa, kisha kilichotoka nje hupanguswa kwa pamba. Kijiti hakiingizwi. Mafuta ya taa, spiriti, siki isiyochanganywa na maji, na haidrojeni peroksaidi havina nafasi katika sikio lenye vidonda. Huunguza ngozi, na kiwambo kikiwa kimetoboka huweza kuharibu usikivu moja kwa moja. Hata dawa halali zina mipaka hapo: gentamaisini na jamaa zake, na klorheksidini iliyo kali, huweza kudhuru sikio la ndani, hivyo daktari huchagua nyingine.

Dawa ya vimelea hufuata kilichoonekana kwenye hadubini. Fangasi hupewa klotrimazoli, mikonazoli au dawa za kundi hilo. Bakteria wa mviringo hupewa antibaiotiki ya matone inayowafaa. Kwa vijiti vya Pseudomonas, ambaye kwa asili yake hazisikii antibaiotiki nyingi na hujifunika utando mzito, myeyusho wa tris na EDTA huwekwa kwanza ili kudhoofisha ukuta wa bakteria, na antibaiotiki hufuata baada ya kama robo saa. Kiasi nacho ni muhimu: mbwa mkubwa huhitaji nusu mililita hadi mililita nzima kila mara ili mfereji wote ufikiwe, na matone mawili matatu hayafiki mahali.

Desturi ya kumchoma mbwa mwenye sikio bovu sindano ya penisilini na streptomaisini, au kumpa vidonge vya antibaiotiki kwa siku tano, inafaa kuachwa. Fangasi hawadhuriki na antibaiotiki yoyote. Pseudomonas haijali penisilini ya kawaida. Dawa inayosafiri kwa damu hufika kwa kiasi kidogo ndani ya mfereji, juu ya uso wa ngozi ambako bakteria wapo. Kinachobaki ni mwili mzima wa mbwa kuogeshwa dawa bila faida, na bakteria wa utumbo na ngozi yake kupewa nafasi ya kuwa sugu, katika nyumba ambamo watoto wanamshika na kumkumbatia. Hapa ndipo suala la sikio la mbwa linapokoma kuwa la mbwa peke yake.

Utitiri una tiba rahisi zaidi siku hizi. Dawa za kundi la aizoksazolini, za kumeza au kupaka, pamoja na selamektini, huumaliza. Mbwa mwenye historia ya degedege huchaguliwa nje ya kundi la aizoksazolini. Mzunguko wa maisha ya utitiri huchukua kama wiki tatu, na mbwa na paka wote wa nyumba hutibiwa kwa pamoja, la sivyo hupokezana. Sindano ya ivermektini iliyotengenezwa kwa ng'ombe ni rahisi kupatikana, na hapo ndipo hatari ilipo. Mwaka 2001 watafiti wa Washington State University nchini Marekani walionyesha kwamba Collie wengi hubeba kasoro ya jeni inayoiruhusu dawa hiyo kupenya hadi kwenye ubongo. Baadhi ya German Shepherd, na machotara wa mbwa wa kuchunga, huibeba pia. Mbwa wa aina hiyo akidungwa dozi iliyokadiriwa kwa macho huweza kupooza, kupoteza fahamu na kufa.

Matibabu huisha pale hadubini inapoonyesha kwamba yamekwisha. Kwa kawaida huchukua wiki mbili hadi nne, na kwa Pseudomonas zaidi. Harufu hupotea mapema kuliko vimelea, na anayesimamisha dawa siku harufu ilipokata huacha nyuma wale waliozoea dawa. Ziara ya pili, na slaidi ya pili, ni sehemu ya tiba. Kliniki inayomruhusu mwenye mbwa kuondoka bila tarehe ya kurudi imefanya nusu ya kazi.

Baada ya vimelea kutulia ndipo sababu ya msingi inaposhughulikiwa kwa uzito. Mzio wa chakula haupimwi kwa damu kwa namna ya kuaminika. Hupimwa kwa mlo. Mbwa hupewa kwa wiki zisizopungua 8 protini moja ambayo hajawahi kuila, pamoja na chanzo kimoja cha wanga, bila mabaki ya mezani wala mfupa wa kuonjeshwa. Kwa mbwa aliyezoea ugali na utumbo wa ng'ombe, sungura au samaki na viazi huweza kufaa, mradi hajawahi kuvila na nyumba nzima imekubaliana. Mlinzi anayemtupia kipande cha nyama usiku huvunja kipimo chote. Akipona, hurudishiwa chakula cha zamani kwa makusudi, na mwasho ukirudi jibu limepatikana. Mzio wa mazingira hauponi, hudhibitiwa: kwa oklasitinibu, saiklosporini, au kwa steroidi ya matone inayowekwa mara mbili kwa wiki katika masikio yaliyokwisha kutulia, ili uvimbe usianze upya. Mpango huu wa mwisho ni nafuu kwa fedha na kwa mwili kuliko kungoja kila mlipuko na kuuzima kwa antibaiotiki.

Wapo mbwa wanaofikishwa wakiwa wamechelewa. Mfereji umegeuka mfupa, hauna tundu la kupitisha hata maji, na sikio la kati limejaa usaha. Kwa hao hubaki upasuaji wa kuondoa mfereji wote na kusafisha chumba cha sikio la kati. Ni upasuaji mkubwa unaohitaji mkono uliofunzwa. Neva ya uso hupita jirani kabisa, na ikiguswa jicho hushindwa kufumba, mara nyingi kwa muda, wakati mwingine daima. Usikivu wa upande huo, ambao kwa kawaida ulikwisha kupungua sana, huenda wote au karibu wote. Pamoja na hayo, mbwa aliyeishi miaka na maumivu hayo huanza kula vizuri na kuruhusu kuguswa kichwa jeraha linapopona. Upasuaji huondoa mfereji uliokufa, lakini ngozi yenye mzio hubaki mwilini. Mbwa huyo huendelea na mlo wake maalumu au dawa zake, na sikio lililobaki hukaguliwa na kuchukuliwa slaidi kila miezi michache, hata kama halijaonyesha dalili yoyote.